Mwaliko wa Mashuani

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilikuwa nikimtungia Hatem maneno. Niliyatunga nikipiga mswaki, nikipanga vijiko, nikingoja lifti ya wafanyakazi. Yalikuwa maneno mazuri, yenye meno. Halafu siku nilipomwona amesimama kwenye mlango wa chumba cha chakula cha meli yetu, mikono mfukoni, nywele zimekatwa vile vile ninavyozipenda, nilikuwa nimeshika koleo la saladi, na kitu pekee kilichonitoka kilikuwa:

“Hatujafungua.”

“Najua,” alisema. “Ndiyo maana nimekuja sasa.”

Wahudumu wangu wawili waliokuwa wakikunja vitambaa vya meza walitazamana. Niliwatuma jikoni wakaulizie mkate. Mkate ulikuwa umeshapangwa mezani, wote tukiuona, lakini walikwenda.

Nilijua yumo melini. Msimamizi wa chumba cha chakula hupewa orodha ya abiria kabla hawajapanda, ajue nani hali nyama, nani ana sukari, nani ana watoto wa kuvunja sahani. Jina lake nililiona juzi Luxor, chini ya jina la mama yake, Esmat Hanim, yaani Bibi Esmat kwa heshima, na chini yao jina la tatu: Lamis, binti wa binamu ya mama yake. Nilikunja ile karatasi nikaenda kuhesabu vikombe. Nilivihesabu mara nne. Jana, walipokula chakula cha jioni, nilijipa kazi jikoni mpaka wakamaliza.

“Umekonda,” Hatem alisema.

“Nasimama sana.”

“Kazi inakupenda?”

“Inaniheshimu. Inatosha.”

Aliinamisha uso kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi jepesi na kuona amelistahili. Kisha akapita kati ya meza akaja mpaka upande wa pili wa bufee, tukabaki tumetenganishwa na trei ya kamba wakubwa wa kuchoma, wanene, wenye harufu ya kitunguu saumu na ndimu. Aliniangalia. Hatem ana namna ya kukuangalia kama anasoma barua yako, pole pole, akirudia mistari. Nilikuwa nimeisahau. Hapana, nasema uongo. Sikuwa nimesahau chochote.

“Nilikutafuta, Nesma. Rafiki yako wa chuo cha hoteli ndiye aliyeniambia uko meli gani. Unadhani mama angechagua meli hii? Mama anataka zile zenye mabwawa mawili. Mimi ndiye niliyeichagua.”

“Na Lamis kachaguliwa na nani?”

“Lamis ni wazo la mama. Wazo langu mimi liko hapa, limeshika koleo.”

Nilicheka. Nilijichukia kwa kucheka, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka na yeye ameshakiokota.

“Sikiliza,” alisema kwa haraka, sauti imeshuka. “Mama hajui kama uko hapa. Nimemlainisha miezi sita, kidogo kidogo. Juzi tukiwa kwenye ndege amesema kwa mdomo wake: yule msichana akiniomba radhi, yamekwisha. Umenisikia? Yamekwisha. Leo baada ya chakula nawakutanisha. Unasema neno moja. Jioni nampigia simu Ami Sabri, nazungumza naye kiume, na tukifika Aswan tunanunua pete.”

Ami Sabri, kama anavyomwita kwa heshima, ni baba yangu. Ana duka la kupiga pasi Shubra, na hakuna mtu mtaani kwetu aliyeoa au kuolewa bila nguo zake kupita mikononi mwake.

“Radhi kwa kosa gani, Hatem?”

“Unalijua.”

“Nataka ulitaje wewe.”

Alitazama kamba. “Ulimtangulia. Kwenye foleni. Pale klabuni.”

Basi na nilieleze hilo kosa, kwa sababu limenikosesha mume.

Ilikuwa Ijumaa, klabuni kwao Heliopolis, wiki mbili baada ya familia zetu kusoma Fatiha ya uchumba sebuleni kwetu. Bufee ilikuwa ndefu kama kituo cha treni. Esmat Hanim alikuwa mbele yangu na sahani yake. Akageuka, akanionyesha meno yake yote, akasema: “Tangulia, mpenzi.” Sasa, kuna mwaliko wa kweli na kuna mwaliko wa mashuani. Walio katikati ya mto huwapigia kelele walio ukingoni, njooni tule, wakijua hakuna atakayeogelea. Mtu akikuambia tangulia, unatakiwa useme, wallahi haiwezekani, wewe kwanza. Anakwambia tena, unakataa tena. Mara ya tatu mnacheka wote, na kila mtu anabaki palepale alipokuwa. Nilijua hayo. Nani hayajui? Lakini nyumbani kwetu mkubwa akikwambia pita, unapita, na ukibisha bibi yangu anakuuliza kama umekuwa mwanasheria. Nilikuwa na hofu, nilitaka kumtii. Nikasema, “Asante, Tanti,” yaani shangazi kwa lugha ya klabuni kwao, nikatangulia. Nikachukua paja la bata na wali.

Kesho yake alimpigia simu mama yangu. “Msichana anayenitangulia kwenye sahani atanitangulia kwa mwanangu,” alisema. “Posa tumeivunja. Dhahabu tulizoleta bakini nazo, zitawasaidia.”

Mama yangu alikata simu, akakaa juu ya kapu la nguo, akabaki hapo mpaka adhuhuri.

“Na wewe ulikuwa nyuma yangu,” nilimwambia Hatem. “Umeshika uma mbili, yako na yangu. Ulimsikia akiniambia tangulia.”

“Nilimsikia.”

“Alipowaambia watu nimemsukuma, ukasema nini?”

“Nesma, nilikuwa…”

“Ukasema nini?”

“Sikusema kitu.”

Nje meli zilikuwa zimesimama, sisi tukiwa wa tatu, tukingoja kuvuka lango la maji la Esna, linalopandisha meli mtoni kwa zamu. Wachuuzi wa mitandio walikuwa wamejibana ubavuni mwa meli na vijimashua vyao, wakiwarushia abiria bidhaa juu sitahani na kumwita kila mwanamke Nefertiti.

“Sijalala vizuri tangu siku ile,” Hatem alisema. Alipitisha mkono juu ya kamba, akagusa ukingo wa mkono wa sare yangu, pale tu, kitambaa tu, wala si ngozi. “Najua nilikuwa mwoga. Nipe nafasi nisiwe mwoga tena. Neno moja, Nesma. Halina uzito. Ni pumzi tu inayotoka mdomoni.”

“Kama halina uzito mbona hakuna anayeniomba mimi?”

“Kwa sababu yeye ni mama.”

Akauondoa mkono wake kwa upole, kama anayeacha mlango wazi.

“Nitafikiria,” nilisema.

Na ukweli, msomaji wangu, nilikuwa nimeshamaliza kufikiria. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilimtaka mwanamume yule kuliko nilivyotaka haki. Alipotoka nilijitazama kwenye sinia la fedha, nikalijaribu neno lile kimya kimya. Samahani, Tanti. Midomo ilitii. Nilijiambia nitamvizia kwenye meza ya vitamu, mbali na watu, akiwa na sahani ya mkate wa maziwa na lozi, maana mtu mwenye kitu kitamu mdomoni hawezi kukutukana vizuri. Nitasema, nitameza, yatakwisha. Baba yangu atapiga pasi suti yake kwa mara nyingine.

Gesi ilichelewa siku ile, kwa hiyo milango niliifungua saa nane na nusu badala ya saa saba. Abiria tisini na sita, wote Wamisri, likizo ya katikati ya mwaka, wana njaa, na wameshanusa kamba tangu walipokuwa sitahani. Wakija Wajerumani, kazi yangu ni nyepesi. Mjerumani hupanga foleni hata akiwa peke yake. Sisi tukija, napaswa kuwa na macho kisogoni. Yupo anayechomekea akisema nachukua limau tu, na limau hilo linatoka na robo ya kuku. Yupo anayeacha sahani tupu mbele ya mstari kama mlowezi, akaenda kupiga soga, kisha akarudi kudai ardhi yake. Na wapo akina mama wenye mgonjwa chumbani, ambaye usiku utamwona anacheza ngoma kuliko wote.

Ndiyo maana meli yetu ina sharti moja, limeandikwa mlangoni na nalisema mwenyewe kila siku: mstari unaanza kwenye mkate, unaishia kwenye vitamu, na hakuna anayeingia katikati. Hata nahodha hula hivyo.

Siku ile walipanga vizuri. Mbele kabisa alikuwa Hajja Tafida, mjane kutoka Damanhur, mwenye fimbo na miwani mizito, aliyekuja mlangoni nusu saa kabla ili miguu yake isishindane na ya vijana. Nyuma yake daktari wa meno wa Tanta na mabinti zake watatu. Mstari ulikwenda mpaka ngazini. Hajja alipita kwenye mkate, akapita kwenye saladi, akapita kwenye makaroni ya sosi nyeupe akisema, “Hayo nayajua,” akafika kwenye kamba, akanyanyua koleo. Hapo ndipo Esmat Hanim alipoingia.

Hakuutazama mstari. Alipita pembeni yake kama mtu anayepita pembeni ya ukuta. Miwani ya jua kichwani, bangili tatu, marashi yake yakamtangulia na kuua kitunguu saumu changu chote. Lamis alikuwa nyuma yake, msichana mrefu, mpole, amebeba sahani mbili na uso wa mtu anayetamani awe kwingine. Hatem alikuwa kwenye foleni, katikati, mahali pake halali. Alimwona mama yake. Akaangalia dari.

“Kitu kimoja tu, mpenzi,” Esmat Hanim alimwambia Hajja, bega lake likiwa limeshaingia.

Hajja Tafida ni mtu wa zamani. Alirudi nyuma hatua moja, akashika fimbo yake, akasema kile ambacho mtu wa heshima husema. “Tangulia, mwanangu.”

Na Esmat Hanim akatangulia.

Papo hapo. Hakukataa hata mara moja. Hakusema wallahi haiwezekani, hakusema Mungu akuweke, hata ile ya kujifanya tu. Alinyoosha mkono akachukua koleo kutoka kwenye vidole vya yule bibi. Kisha akaniona mimi upande wa pili, nimevaa sare, nimesimama wima. Alinitazama usoni kabisa. Neno langu lilikuwa tayari ulimini, nakuapieni, lilikuwa tayari.

“Binti,” alisema, na kunisukumia sahani na koleo. “Niwekee wewe. Wale wakubwa wakubwa. Usinipe wa pembeni, wamekauka.”

Hakunitambua.

Mama yangu alikaa juu ya kapu la nguo mpaka adhuhuri, baba yangu alitembea Shubra miezi mitatu akiangalia viatu vyake, mimi nilihama Cairo nikaja kulala kwenye chumba kisicho na dirisha chini ya sitaha, na mwanamke huyu hakukumbuka nina uso gani.

Nilipokea sahani. Niliijaza. Kamba sita, wakubwa, nikawapanga kama ua, ndimu katikati, kotimiri pembeni. Sijawahi kupanga sahani nzuri kama ile. Esmat Hanim akanyoosha mkono, na mimi nikaipitisha mbele ya pua yake nikampa Hajja Tafida.

“Hii yako, Hajja. Kwa afya.”

“Binti, hujanisikia?” Esmat Hanim alisema. “Hiyo yangu.”

“Yako inakuja, Hanim. Kwanza niulize kitu.” Nilipandisha sauti. Sauti yangu imesomea kazi hii, inafika ngazini bila kupiga kelele. “Hajja, ulimwambia Hanim atangulie?”

“Nilimwambia, mwanangu. Ni adabu.”

“Ulitaka akubali?”

Hajja aliniangalia juu ya miwani yake. Akamwangalia Esmat Hanim, bangili mpaka viatu. Nadhani wanawake wa Damanhur huzaliwa wakijua lini mlango umefunguliwa makusudi. “Nani anayealika ili akubaliwe?” alisema. “Mimi nimetoka chumbani saa nane kasoro!”

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mabinti wa daktari.

“Alikataa mara ngapi?” niliuliza.

“Hata mara moja!” daktari alidakia. “Nilikuwa nahesabu!”

“Sifuri!” mtu akaitikia kutoka ngazini, na mstari wote ukavunjika kwa vicheko.

Esmat Hanim alitoa miwani kichwani, akaikunja. Shingo yake ilikuwa imepata madoa mekundu. “Unajua unazungumza na nani wewe?”

“Najua vizuri sana. Wewe ndiye usiyejua.” Nilichukua sahani nyingine, safi, tupu, nikaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na kitu, nikamkabidhi kwa mikono miwili. “Klabuni kwenu mlinifundisha, Hanim. Mtu anayekutangulia kwenye sahani atakutangulia na kwingine. Nimelishika somo. Mkia wa foleni uko kule, karibu na mlango wa choo.”

Niliona sura yangu ikimrudia. Ilimrudia kipande kipande: kwanza sauti, kisha macho, kisha Shubra yote.

“Binti wa mpiga pasi,” alisema.

“Mwenyewe.”

“Kumbe umekuwa mtumishi. Mungu ni mkubwa, kila mtu kamweka mahali pake.”

“Kweli kabisa, Tanti. Na pako nimeshakuonyesha.”

Sasa hata wahudumu wangu walikuwa wamejificha nyuma ya mlango wa jikoni, mabega yakitikisika. Nilikuwa na joto kifuani ambalo sikuwahi kulipata, wala kwa Hatem sikulipata. Na kwa sababu lilikuwa tamu, sikuacha. Ningeweza kuacha pale. Sikuacha.

“Na ukifika nyuma,” nilisema, “muulize mwanao alikuja kufanya nini hapa kabla sijafungua. Ameniambia Lamis ni wazo lako wewe, yeye hamtaki. Ameniahidi pete Aswan. Miezi sita amekulainisha, anasema, kama anavyolainishwa pweza.”

Ya pweza niliongeza mwenyewe.

Kicheko kilikatika. Lamis alikuwa amesimama na sahani zake mbili. Aligeuza kichwa pole pole kumtafuta Hatem kwenye mstari, akampata, akamwangalia kwa muda. Sikuwa nimemkusudia yeye. Nilihisi kitu kikinichoma, kidogo, kama mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni. Lakini Lamis hakulia. Aliweka sahani ya Esmat Hanim juu ya meza, akabaki na yake.

“Lamis, twende zetu,” Esmat Hanim alisema.

“Mimi nina njaa, Tanti,” Lamis alisema, kwa sauti ndogo iliyosikika kila mahali. Akatembea mpaka mwisho wa mstari, karibu na mlango wa choo, akasimama nyuma ya mvulana mnene aliyekuwa akila mkate mkavu, akangoja zamu yake.

Nadhani hilo lilimuuma Esmat Hanim kuliko langu. Alianza kupiga kelele. Aliita meneja, aliita nahodha, alimwita marehemu mumewe. Bwana Medhat, meneja wetu, alikuja mbio akiwa bado na leso ya chakula shingoni. Ni mtu mwema, anaogopa malalamiko kuliko moto.

“Kuna nini? Kuna nini, Nesma?”

“Abiria ameingia katikati ya mstari, nimemwelekeza mwisho.”

“Amenidhalilisha mbele ya meli nzima!” Esmat Hanim alisema. “Kwa ajili ya kamba! Mimi nyumbani kwangu kamba nawapa paka!”

“Basi hawa waachie wenye njaa,” Hajja Tafida alisema, akiwa tayari na wa pili mdomoni.

Ndipo Hatem alipotoka kwenye foleni.

Alikuja moja kwa moja, watu wakimpisha. Nilimwona anakuja na moyo wangu, mpumbavu yule, ukasimama kumlaki. Nilidhani hatimaye nimemlazimisha. Nilidhani sasa, mbele ya watu tisini, atafungua mdomo ule aliouacha umefungwa klabuni, aseme: mama, ulimwambia tangulia, nilikusikia. Maneno manne tu. Nilikuwa nimeyasubiri tangu siku ya bata na wali. Alisimama kati yangu na mama yake. Alikuwa amepauka mpaka midomo.

“Nesma,” alisema kwa sauti kubwa. “Mwombe mama radhi.”

Sauti aliyoikosa siku ile, kumbe alikuwa nayo.

“Hatem,” nilisema. “Umeona alivyoingia?”

“Nimeona.”

“Umesikia Hajja alivyomwambia?”

“Nimesikia, nimesikia! Sasa hilo si hoja!” Alinisogelea, akashusha sauti, na macho yake yakawa yale yale ya kusoma barua. “Nesma, usituharibie. Tulikuwa tumefika. Sema neno moja, mbele yao hivi hivi, na mimi naapa napiga simu Shubra sasa hivi, si jioni. Sasa hivi. Simu hii hapa.” Na kweli akaitoa mfukoni, na niliona jina la baba yangu limeshaandikwa kwenye kioo, Ami Sabri, lilikuwemo muda wote huu, hakuwahi kulifuta. “Nataka kukuoa. Unanifahamu? Nataka kukuoa.”

Meli ilitikisika kidogo. Lango lilikuwa limefunguka, zamu yetu ilikuwa imefika, vikombe vikagonganagongana kwenye rafu. Hakuna aliyetazama nje.

“Sema, binti,” Bwana Medhat alininong’oneza upande mwingine. “Samahani moja, tuendelee na chakula. Mama huyu akiandika barua kampuni, mimi siwezi kukutetea. Utashuka Edfu, kituo kijacho, na sanduku lako. Nakuomba kama baba.”

Esmat Hanim alikunja mikono kifuani akangoja. Alikuwa na uhakika. Alinitazama kama anavyoitazama bili ambayo mtu mwingine atailipa.

Nilitazama simu mkononi mwa Hatem, kidole chake kikiwa juu ya jina la baba. Nilitazama kifundo cha mkono wake, ule mshipa unaopita pale, ambao niliwahi kuulalia kwenye basi la Alexandria tukirudi kutoka baharini. Nilimpenda. Sina haja ya kuficha, nilimpenda hata pale, hata akiwa na uso ule. Kama kungekuwa na mwanamke mwingine ndani yangu angesema lile neno, na leo angekuwa na pete.

“Edfu tunafika saa ngapi?” nilimuuliza Bwana Medhat.

“Magharibi,” alisema, bila kuelewa. “Kwa nini?”

“Nijue muda wa kufunga sanduku.” Nikamgeukia Hatem. “Rudisha simu mfukoni.”

“Nesma, tafadhali.”

“Rudisha.”

“Neno moja!”

Nilimtazama yeye, kisha mama yake, na nilisema kwa sauti ile ile inayofika ngazini, ili kesho asitokee wa kusema hakusikia.

“Siombi radhi. Wala kwa leo, wala kwa siku ile ya klabu. Siombi.”